Ana binti Fanueli na mama zake wa imani

Kuna mahubiri ambayo nimeyasikia mara nyingi mno, hasa Jumapili za akina mama na kwenye semina za wanawake. Huanza kwa kutuambia kwamba katika dini ya Kiyahudi mwanamke hakuwa kitu: hakufundishwa, hakuhesabiwa, sala yake haikuwa na uzito. Kisha Yesu akaja, akamwinua. Vigelegele vinapigwa, tunaimba pambio, tunarudi nyumbani tukiwa na furaha.

Nia ya wahubiri hao ni njema, na mimi pia naamini kwamba Yesu aliwaheshimu wanawake kwa namna ya pekee. Lakini mahubiri hayo yana hasara kubwa, na anayepata hasara ni mwanamke yule yule anayetakiwa kuinuliwa. Yanawanyang'anya wanawake wa Injili mama zao. Elisabeti, Mariamu mama wa Yesu, Ana, Mariamu Magdalene: wote walikuwa Wayahudi. Kufunga walifundishwa na Wayahudi. Zaburi walizijua kwa Kiebrania au Kiaramu kabla hapajawa na Mkristo hata mmoja duniani. Ukiwatenga na dini yao, unabaki na wanawake wasio na historia, waliochomoza tu siku Yesu alipopita. Ukiwarudisha kwao, katika ibada na maono ya Wayahudi wa kale, wanakuwa watu wazito kweli kweli.

Nitaanza na Ana kwa sababu ndiye anayepuuzwa kuliko wote. Luka anampa mistari mitatu, 2:36 hadi 38. Alikuwa nabii mke, binti Fanueli, wa kabila ya Asheri. Aliishi na mume miaka saba, kisha akawa mjane. Hakutoka hekaluni, aliabudu usiku na mchana kwa kufunga na kuomba. Mtoto Yesu alipoletwa, alitokea saa ile ile akamshukuru Mungu, akatoa habari zake "kwa watu wote waliokuwa wakiutarajia ukombozi katika Yerusalemu."

Kwenye mahubiri, Simeoni, mzee aliyempakata mtoto siku hiyo hiyo, hupewa nusu saa na Ana sentensi moja: bibi mzee mwombaji, tumwige. Mzee alikuwa, na mwombaji alikuwa. Lakini Luka hamwiti mwombaji tu. Anamwita nabii, na katika Injili yake nzima hakuna mwanamke mwingine anayepewa cheo hicho. Wayahudi walikuwa na orodha ya wanawake waliostahili kuitwa hivyo. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, katika kitabu cha Megila inataja saba: Sara, Miriamu, Debora, Hana, Abigaili, Hulda na Esta. Ana anapoingia kwenye ukurasa wa Luka, anaingia kwenye safu hiyo.

Hebu tumwone mahali alipokuwa. Hekalu lilikuwa na eneo lililoitwa Ua wa Wanawake. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, katika kitabu cha Midoti inasema lilikuwa na urefu wa dhiraa 135 na upana wa dhiraa 135. Usidanganyike na jina. Wanaume nao walijaa humo, kwa sababu ndiko watu wengi walikokusanyika. Toka humo palikuwa na ngazi 15 za kupandia kwenye ua wa ndani, na marabi walizilinganisha na zile Zaburi 15 za kupanda mlima. Upande wa kusini wa mlima wa Hekalu palikuwa na milango miwili ya kuingilia na kutokea watu, na milango hiyo iliitwa Hulda, jina lile lile la nabii aliyeulizwa neno la Bwana na wajumbe wa mfalme Yosia. Ana alipokuwa akisema na watu juu ya ukombozi, alikuwa akisema mahali pa wazi, kwenye mojawapo ya maeneo yenye watu wengi kuliko yote Yerusalemu.

Na siku zake zilikuwa na mpangilio. Asubuhi palikuwa na sadaka, alasiri palikuwa na sadaka, na uvumba ulifukizwa pamoja nazo. Luka anaijua ratiba hiyo vizuri: Zakaria anapoingia kufukiza uvumba, umati mzima unasali nje, na katika Matendo Petro na Yohana wanapanda hekaluni saa ya kusali, saa tisa. Kuabudu "usiku na mchana" ni kuishi ndani ya ratiba hiyo, siku baada ya siku, mpaka mwili unajua saa bila kuambiwa.

Kuna mwanamke mwingine katika maandiko ya Kiyahudi anayefanana na Ana kiasi kwamba siamini ni bahati tu. Ni Yudithi, ambaye kitabu chake kimo katika Biblia za Wakatoliki. Naye ni mjane asiyeolewa tena. Amejitengenezea hema juu ya paa la nyumba yake, anavaa magunia, anafunga siku zote za ujane wake isipokuwa sabato na sikukuu na mikesha yake. Mji wake, Bethulia, uko mbali na Yerusalemu, lakini anapoanguka kifudifudi kuomba kabla ya kumwendea Holoferne, kitabu kinasema ilikuwa saa ile ile uvumba wa jioni ulipokuwa ukifukizwa katika nyumba ya Mungu Yerusalemu. Haoni madhabahu, hasikii tarumbeta, ila anajua saa. Kwa mwanamke huyo Hekalu halikuwa jengo la wanaume alilofungiwa nje. Lilikuwa limeingia katika mapigo ya siku yake.

Yudithi alifariki akiwa na miaka 105. Sasa rudi kwa Luka. Maneno yake kuhusu miaka 84 yanaweza kusomeka kwamba ndio umri wa Ana, au kwamba ndio miaka ya ujane wake. Tukichukua ya pili, na tukikadiria kwamba aliolewa akiwa na miaka 14 kama ilivyokuwa kawaida, basi 14 na 7 na 84 ni 105. Wasomi wengi wamelitambua hilo, na mimi nalipenda. Luka hana sababu ya kutupa hesabu ya ndoa na ujane wa bibi huyu isipokuwa alitaka tumtazame tukimkumbuka yule mwingine, mjane aliyeokoa watu wake.

Kisha lipo lile kabila.

Luka hatuambii kabila la Simeoni. La Ana anatuambia, na ni kabila la ajabu: Asheri, moja ya makabila ya kaskazini. Ufalme wa kaskazini ulianguka mikononi mwa Waashuri mwaka 722 kabla ya Kristo, na watu wengi wakahamishwa. Tunasoma katika 2 Nyakati 30 kwamba mfalme Hezekia alipowaalika mabaki ya kaskazini kwenye Pasaka, wengi waliwacheka wajumbe, lakini baadhi ya watu wa Asheri, Manase na Zabuloni walinyenyekea wakaja Yerusalemu. Baada ya hapo kabila hilo karibu linatoweka. Msomi Richard Bauckham amependekeza kwamba ukoo wa Ana ulitoka katika uhamisho wa Umedi, yaani upande wa Iran ya leo, ambako watu wa makabila ya kaskazini waliendelea kukumbuka nasaba zao. Hata usipokubali pendekezo hilo, jambo moja liko wazi: anaposimama hekaluni mwanamke wa Asheri, wamesimama pale watu waliodhaniwa wamepotea kabisa.

Niliposoma haya na akina mama wa darasa letu la Biblia, mmoja wao, mjane aliyemzika mumewe akiwa bado kijana, aliuliza, "Kwa hiyo huyu mama alikuwa anangoja kwa niaba ya kabila zima?" Nimesoma vitabu vingi juu ya Luka, na sijakutana na mwandishi aliyelisema vizuri kuliko yeye.

Asheri anatufikisha kwa Sera, na hapa naomba uvumilivu, maana Sera ndiye aliyenifanya niandike makala hii.

Katika Mwanzo 46 iko orodha ya watu wa nyumba ya Yakobo walioshuka Misri. Karibu yote ni majina ya wanaume, wana na wajukuu, na ghafla chini ya Asheri anatajwa binti: Sera, dada yao. Haelezwi. Halafu katika Hesabu 26, Waisraeli wanapohesabiwa wakiwa karibu kuingia Kanaani, vizazi na vizazi baadaye, jina linarudi tena: binti wa Asheri aliitwa Sera. Msomaji wa haraka anapita. Marabi hawakupita. Waliuliza: kwa nini mwanamke huyu mmoja anatajwa wakati wa kuingia Misri na tena wakati wa kutoka? Jibu lao: kwa sababu alikuwa bado hai.

Kutokana na hapo wakasimulia visa ambavyo kila Mkristo angefaidi kuvijua. Ndugu zake Yusufu waliporudi kutoka Misri na habari kwamba Yusufu yu hai, waliogopa kwamba moyo wa mzee Yakobo ungesimama. Kwa mujibu wa Targumi moja, tafsiri ya Torati kwa Kiaramu iliyojaa maelezo, Sera ndiye aliyempasha Yakobo habari, na kwa ajili hiyo aliingizwa bustani ya Edeni akiwa hai. Simulizi ya baadaye inasema alimwimbia babu yake habari hiyo kwa kinubi, polepole, mpaka moyo wa mzee ukaizoea furaha.

Miaka ikapita, utumwa ukaja. Siku ya kutoka Misri, kila mtu akiwa anahangaika na mizigo, Musa alikuwa anatafuta mifupa ya Yusufu, kwa kuwa Waisraeli walikuwa wameapa kuichukua. Hakuna aliyejua iliko, isipokuwa bibi mmoja aliyebaki wa kizazi kile. Talmudi, katika kitabu cha Sota, inasema Musa alimwendea Sera, naye akamwambia kwamba Wamisri walimtengenezea Yusufu jeneza la chuma wakalizamisha katika mto Naili ili maji yake yabarikiwe. Musa akasimama ukingoni, akaita: Yusufu, Yusufu, saa imefika. Jeneza likaibuka.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote kimo katika Pirke de-Rabbi Eliezeri, kitabu cha masimulizi ya marabi juu ya Maandiko. Yakobo alimrithisha Yusufu siri ya ukombozi, Yusufu akawapa ndugu zake, na Asheri akampa binti yake Sera. Siri yenyewe ilikuwa maneno ambayo mkombozi wa kweli angeyatamka, yale ambayo Yusufu aliyasema akiwa anakufa: kwamba Mungu atawajia. Musa na Haruni walipofika Misri wakafanya ishara mbele ya wazee wa Israeli, wazee wakaenda kwa Sera kumweleza miujiza waliyoiona. Sera akasema miujiza hiyo haina maana yoyote. Ndipo wakamwambia, "Lakini alisema kwamba Mungu amewajia." Hapo akasema: huyo ndiye mtu atakayewakomboa.

Tazama kinachofanyika hapo. Wazee wameona miujiza kwa macho yao na bado hawana hakika. Uamuzi wanaupeleka kwa mwanamke mzee. Na yeye hababaishwi na maajabu, anasikiliza neno. Ndiye mlinzi wa kumbukumbu ya taifa zima. Bila yeye Israeli ingekuwa na mtenda miujiza mlangoni na isijue kama ndiye.

Sasa soma Luka tena. Katika sura ya kwanza Zakaria anaimba kwamba Mungu wa Israeli "amewajia watu wake, na kuwakomboa." Kisha sura ya pili inatuletea mtoto hekaluni, na anayewatangazia wanaoungoja ukombozi ni mwanamke mzee sana wa kabila ya Asheri. Mara ya kwanza nilipoviweka visa hivi viwili pamoja nilifunga Biblia nikakaa kimya kwa muda.

Msomaji makini atasema: ngoja, marabi hao waliandika lini? Ni swali la haki. Injili ya Luka kwa kawaida huwekwa katika miongo ya mwisho ya karne ya 1. Mekilta, maelezo ya marabi juu ya kitabu cha Kutoka, yenye kisa cha mifupa ya Yusufu, ilikusanywa karibu karne ya 3. Talmudi ni baada yake. Pirke de-Rabbi Eliezeri kwa jinsi tulivyokipokea ni cha karne ya 8 hivi. Kwa hiyo sisemi kwamba Luka alikuwa na kitabu hicho mezani. Ninachosema ni kwamba watu wawili wa mapokeo tofauti, waliolelewa na Torati ile ile, walipofikiria mlango wa ukombozi waliona amesimama hapo bibi mzee wa Asheri anayemtambua mkombozi. Orodha ya Mwanzo 46 ilikuwepo karne nyingi kabla ya wote, na swali juu ya Sera lilikuwa wazi kwa kila aliyeisoma. Kwa kumsoma Ana pamoja na Sera hatumpachiki Luka maneno. Tunamrudisha Ana katika familia ya wasomaji wanaomfahamu.

Sera hakuishia kwa marabi wa sheria. Wayahudi wa Uajemi wana kaburi lake huko Pir Bakran karibu na Isfahan, mahali pa kuzuru na kuomba. Na kitabu cha Zohari, nguzo ya fumbo la Kiyahudi, yaani mafundisho ya siri juu ya Mungu na mambo ya mbinguni, kilichotokea Uhispania mwishoni mwa karne ya 13, kina simulizi juu ya makao ya wanawake mbinguni. Kila makao yana mkuu wake: Bithia binti Farao aliyemwopoa Musa majini, Yokebedi mama yake Musa, Debora nabii, na Sera binti Asheri. Wako na maelfu ya wanawake, wanamsifu Mungu. Mara tatu kwa siku sura ya Yusufu inapita mbele ya makao ya Sera, naye anatoka kwa furaha, anainama, anasema: heri siku ile nilipompelekea babu yangu habari zako. Kisha anarudi kwa wenzake, na wanaendelea kushukuru. Kazi yake hata huko ni ile ile, habari njema na shukrani. Luka anasema Ana alifanya mambo mawili tu siku ile: alimshukuru Mungu na alitoa habari.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani marabi walikuwa watetezi wa wanawake kama tunavyoelewa leo. Talmudi ina baraka ambayo mwanamume anamshukuru Mungu kwamba hakumuumba mwanamke. Kitabu kile kile cha Megila chenye manabii saba kina rabi anayewalaumu Debora na Hulda kwa kujikweza. Maneno hayo yanauma, na mwanamke Myahudi ana haki ya kuyajibu akiwa ndani ya nyumba yake. Sisi Wakristo tunao baba zetu wa Kanisa waliosema mabaya hayo hayo na kupita. Kosa ni kuchukua maneno mabaya ya upande mmoja na kuyapima na maneno mazuri ya upande mwingine, kisha kuita matokeo Injili.

Na ushahidi wa mawe nao haukubaliani na mahubiri yale. Mwaka 1982 mtafiti Bernadette Brooten alichapisha uchunguzi wa maandishi 19 ya kale ya Kigiriki na Kilatini yanayowataja wanawake Wayahudi kwa vyeo vya sinagogi: mkuu wa sinagogi, mzee, mama wa sinagogi. Mmoja ni Rufina wa Smirna, mji ule ule unaoandikiwa barua katika Ufunuo. Jiwe lake linasema yeye ni Myahudi, mkuu wa sinagogi, aliyejenga kaburi kwa ajili ya watu aliowaacha huru na waliokulia nyumbani mwake. Atakayethubutu kumzika mtu mwingine humo atalipa dinari 1,500 kwenye hazina takatifu na 1,000 kwa jamii ya Wayahudi. Huyo si mwanamke aliyesubiri kuruhusiwa kusema.

Hata namna yetu ya kusali tumeipata kwa mwanamke. Hana, mama yake Samweli, aliomba midomo ikitikisika na sauti isisikike, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Rabi Hamnuna anasema katika kitabu cha Berakoti kwamba sheria nyingi kubwa za sala zinatokana na Hana: kwamba anayesali aelekeze moyo, kwamba atamke kwa midomo, kwamba asipaaze sauti, kwamba mlevi asisali. Kuhani alikosea na mwanamke akawa kipimo. Na Mariamu anapoimba kwa Elisabeti, wimbo wake umesukwa na wimbo wa Hana: wenye nguvu wanashushwa, wenye njaa wanashibishwa. Msichana wa Nazareti aliyeweza kuimba hivyo alikuwa amemeza Maandiko.

Juu ya Mariamu Magdalene nitasema kwa ufupi, maana yeye ana watetezi wengi. Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri ya mwaka 591, alimchanganya na yule mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7, na jina lake likabeba mzigo huo kwa karne nyingi. Papa Fransisko alipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai kuwa sikukuu mwaka 2016. Mimi naomba tu umsome Yohana 20 ukiwa na sanduku la agano akilini. Mariamu anainama, anachungulia kaburini, anaona malaika wawili, mmoja kichwani na mmoja miguuni, pale ulipokuwa umelala mwili wa Yesu. Ndivyo ilivyokuwa juu ya kifuniko cha sanduku: makerubi wawili, ncha hii na ncha hii, na nafasi kati yao ambapo Mungu aliahidi kukutana na Musa. Mahali palipokuwa pa kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka, sasa anachungulia mwanamke anayelia. Kisha anawaendea wanafunzi na kusema, "Nimemwona Bwana." Isaya anaposimulia wito wake anatumia maneno yanayofanana na hayo.

Nimalizie na Korintho, kwa sababu huko ndiko maandiko yanakotumiwa kutunyamazisha.

Kuna kitabu cha Kiyahudi cha Kigiriki kiitwacho Agano la Ayubu, ambacho wengi hukiweka karibu na wakati wa Kristo na pengine Misri. Ayubu yu karibu kufa, anagawa mali kwa wanawe wa kiume. Binti zake watatu wanalalamika: na sisi je? Ayubu anawajibu kwamba amewawekea urithi ulio bora zaidi. Analeta mikanda mitatu aliyopewa na Mungu mwenyewe siku alipomponya, inayong'aa kama miali ya jua. Binti wa kwanza anajifunga, na mara moyo wake unabadilika, hawazi tena mambo ya dunia, anaanza kuimba kwa lugha ya malaika. Wa pili, Kasia, anajifunga na kusema kwa lugha ya wakuu wa mbinguni. Wa tatu kwa lugha ya makerubi. Baadaye gari la kuichukua roho ya Ayubu linapokuja, wanaoliona ni yeye na hao binti. Gari la mbinguni, lile la maono ya Ezekieli ambalo fumbo lote la kale la Kiyahudi lilizunguka juu yake, linaonwa na wasichana watatu.

Weka kitabu hicho kando ya Filo wa Aleksandria, Myahudi aliyeishi wakati wa Yesu. Anaeleza jamii ya wacha Mungu karibu na ziwa Mareotisi, wanaume na wanawake. Wanawake wengi wao walikuwa wazee waliochagua kutoolewa kwa ajili ya kiu ya hekima. Katika nyumba ya ibada palikuwa na ukuta mfupi kati ya pande mbili, ili kila upande usikie sawasawa. Usiku wa sikukuu yao, baada ya chakula, walisimama kwaya mbili, ya wanaume na ya wanawake, wakaimba kwa kupokezana, mpaka kwaya zikaungana kuwa moja kwa mfano wa Musa na Miriamu penye Bahari ya Shamu. Wakaimba hadi alfajiri, wakageukia mashariki jua likichomoza, wakanyosha mikono na kuomba. Aliyewahi kukesha mkesha wa Mwaka Mpya kanisani, sauti za akina mama zikianzisha na za akina baba zikipokea, anajua usiku huo unavyokuwa.

Huo ndio ulimwengu Paulo alioandikia. Anaposema "nijaposema kwa lugha za wanadamu na za malaika," hatungi mfano hewani. Wayahudi walikuwa na visa vya wanawake walioimba lugha hizo. Na katika 1 Wakorintho 11, kabla ya kugombana juu ya kichwa kufunikwa au kutofunikwa, anachukulia kwamba wanawake wanasali na kuhutubu katika kusanyiko. Hilo halijadili. Anajadili vazi, na sababu anayotoa ni ya ajabu kwetu: kwa ajili ya malaika. Kwa waandishi wa magombo ya kale ya Kiyahudi yaliyogunduliwa Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, kuanzia 1947 isingekuwa ya ajabu, kwa sababu wao waliamini kwamba malaika watakatifu wamo katikati ya kusanyiko lao. Huenda wanawake wa Korintho waliamini kwamba wanapofungua kinywa wanaimba pamoja na hao. Huenda Paulo naye aliamini hivyo, ndiyo maana alijali wamesimama vipi.

Basi mtu akinisomea barua hiyo ili akina mama wakae kimya, namwomba arudi mlango wa 11, mstari wa 5, asome kwa sauti, kisha anieleze hao wanawake wanaohutubu walitoka wapi, nani aliwafundisha, na kwa nini mtume hakuwaambia waache.